Kumrudisha mama nyumbani Tengeru

Dada, pole kwa kumuuguza mama. Umeuliza kama mkubali ushauri wa madaktari wa Moshi wa kumrudisha Tengeru, au muwasikilize kaka zako wanaotaka apelekwe Dar es Salaam, ingawa saratani ya koo imeshafika kwenye ini na mwenyewe amesema amechoka na safari.

Nilimuuguza baba kwa ugonjwa huohuo, na kosa letu lilikuwa kubishana kwenye simu wiki tatu, kila mtu na lake, bila hata mmoja kumuuliza yeye. Kwa kuwa mama bado ana akili timamu, kaeni naye daktari akiwepo, mkaulize waziwazi: matibabu haya yanalenga kuponya, kurefusha siku, au kutuliza maumivu tu?

Hofu ya kaka yako kwamba mofini ya maji "inamaliza mgonjwa" naielewa, lakini ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari hutuliza maumivu, wala haiharakishi kifo. Hunywewa kila baada ya saa 4, na kwa kuwa hufunga choo, ombeni dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Sisi tulichelewa, na baba akateseka bure.

Akifikia kukataa uji, msimlazimishe. Baba alianza kugeuza uso kijiko kikikaribia, ndipo muuguzi akatufundisha kumlowanisha midomo kwa pamba yenye maji. Kabla hamjatoka wodini, ombeni barua ya rufaa kwa huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumtuliza maumivu na kumtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ya hospitali ya Selian, Arusha.