Kasi ya kupiga dramu na besi

Ndugu yangu wa Bagamoyo, nimekuelewa: nyimbo zako za dramu na besi (drum and bass, muziki wa dansi wa kasi) za miaka ya 1990 zina mapigo 160 kwa dakika, mpya zinafika 174, na hujui ushike kasi ipi utakapozipiga kama DJ huko ufukweni.

Mimi ningeanzia 172, kwa kuwa nyimbo nyingi za sasa ziko kati ya 170 na 175, hivyo hutazigusa sana. Kazi iko kwa zile za zamani: kuzipandisha kutoka 160 hadi 172 ni ongezeko la asilimia 7.5, na usipowasha kitufe kinachoshikilia sauti mahali pake, wimbo mzima utapanda zaidi ya nusu toni, na mwimbaji atasikika kama mtoto. Ukikiwasha, sikiliza matoazi kwa makini kwenye hedifoni. Yakianza kukwaruza, shusha seti yote hadi 168.

Ukitokea kwenye Bongo Fleva, tafuta wimbo wa mapigo 86, nusu kamili ya 172, na wachezaji hawatashtuka. Singeli iache mwisho, maana huvuka 200.

Masikio yakiendelea kuvuma hadi kesho yake, tafadhali muone daktari.