Nikimuuliza kuhusu kujiua, sitamtia wazo hilo?

SWALI: Mwanangu ana miaka 15. Tangu mwezi uliopita amekuwa mkali, kitu kidogo tu anafoka. Mpira ameuacha, usiku halali, na alama za shule zimeporomoka. Baba yake anasema ni ukorofi wa umri. Juzi akatamka, "Bora nisingezaliwa." Naogopa kumuuliza kama anawaza kujiua, nisije nikamtia wazo hilo.

JIBU: Mama, muulize leo hii. Swali hilo halipandi wazo. Mara nyingi humpa mtoto nafasi ya kutoa alichokibeba peke yake. Kaeni wawili, simu kando, umwambie: "Naona hulali, mpira umeuacha, na juzi ulisema bora usingezaliwa. Je, umewahi kufikiria kujiua?" Litaje neno lenyewe. Ukisema, "Huwazi upuuzi, sivyo?" umeshamwonyesha jibu unalolitaka, naye atakupa hilohilo. Kisha nyamaza. Akikaa kimya hata dakika nzima, usimkatishe, usimhubirie, wala usimtajie wenye shida kumzidi. Usimwahidi kutunza siri.

Akikubali, endelea kuuliza: amepanga namna au siku? Anacho cha kutumia? Amewahi kujaribu? Mwenye mpango, au aliyewahi kujaribu, asiachwe peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitali, kitengo cha dharura, saa hiyohiyo.

Hata akikana, fungia dawa zote, sumu za wadudu na silaha kama ipo, ufunguo ukae nawe. Msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda ghafla na kushuka baada ya muda mfupi, na kijana asiyefikia cha kujidhuru huweza kuvuka kipindi hicho salama. Watu hufunga kabati la chumbani wakasahau mkoba wa bibi wenye vidonge vya presha.

Kuhusu kauli ya baba: hasira za umri huja na kupita. Sonona, ugonjwa wa akili unaovunja moyo, hukaa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, ikivuruga usingizi, hamu ya kula na masomo. Kwa vijana inaweza kujitokeza kama ukali badala ya huzuni, ndiyo maana wengi huadhibiwa wakati walihitaji matibabu. Mwanao anastahili kuonwa na daktari wiki hii, hata kama jibu lake litakuwa "hapana".

SWALI: Binti yangu ameanza fluoksetini, dawa ya sonona, siku 10 zilizopita. Mbona hajapata nafuu?

JIBU: Ni mapema. Nafuu ya kueleweka huchukua wiki 4 hadi 6. Usiikatishe bila daktari. Ila wiki hizi za mwanzo mwangalie kwa karibu, kwani kwa baadhi ya walio chini ya miaka 25 dawa hizi huweza kuongeza mawazo ya kujiua. Ukiona hatulii, anazungukazunguka, usingizi umekata ghafla au amekuwa mchokozi kuliko kawaida, mpigie daktari siku hiyohiyo. Vidonge vikae kwako, umpe dozi ya siku tu.