Unayeanza kazi ya usalama wa kwantamu, anza na funguo zako

Mgeni kwenye kazi hii huuliza kwanza: kompyuta ya kwantamu itavunja siri za nchi lini? Mimi nililifukuzia swali hilo miezi mizima, nikihesabu kyubiti, yaani biti za kwantamu, za kila maabara, na kazi yangu haikusogea. Jiulize badala yake siri unayoilinda inatakiwa kukaa miaka mingapi.

Adui hahitaji kuwa na mashine hiyo leo. Anarekodi mawasiliano yaliyosimbwa, anayaweka ghalani, anasubiri. Tangu Peter Shor aonyeshe mwaka 1994 jinsi mashine ya namna hiyo inavyoweza kugawanya namba kubwa kwa vigawo vyake, tunajua kwamba RSA, usimbaji wa ufunguo wa umma unaotegemea ugumu wa hesabu hiyo, na ndugu zake hawana maisha marefu. Majina ya watoa habari hayaishi umuhimu baada ya miaka 5. Chukua umri wa siri, jumlisha na miaka ya kubadilisha mifumo yenu. Ikiwa mashine itawahi kabla ya jumla hiyo kutimia, mmeshachelewa. AES-256, usimbaji ambao pande zote mbili hutumia ufunguo mmoja wa siri, haina hatari ya kiasi hicho, kwa hiyo usianzie huko.

Viwango vipya vya usimbaji wa kuhimili mashine hiyo vipo: NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa vitatu vya kwanza Agosti 2024. Hesabu zake utazielewa. Kitakachokutesa ni vifaa. Nilipojaribu ML-KEM, kimojawapo cha viwango hivyo, cha kukubaliana funguo, mara ya kwanza, mezani ilikubali, lakini kwenye mtandao halisi miunganisho ikaganda. Siku mbili nilikagua msimbo mstari kwa mstari, kumbe kosa haliko humo. Ufunguo wa umma wa X25519, njia ya zamani, ni baiti 32. Wa ML-KEM-768 ni baiti 1,184. Ujumbe wa kwanza haukuenea tena kwenye pakiti moja, na kifaa kimoja cha zamani cha ukaguzi kilikuwa kinaitupa pakiti ya pili. Tangu hapo siamini mchoro wa mtandao kabla sijafungua makabati mwenyewe.

Tena, usiutupe usimbaji wa zamani haraka. SIKE, mgombea mmoja wa usimbaji mpya, ilikuwa imefika mbali kwenye mchujo wa NIST, kisha mwaka 2022 ikavunjwa kwa kompyuta ya kawaida, kiini kimoja cha prosesa, kwa muda wa kama saa moja. Funga kwa ufunguo wa zamani na mpya pamoja. Mmoja ukianguka, mwingine unashika.

Watakuja pia wauzaji wa mifumo ya kusambaza funguo kwa fotoni, yaani chembe za mwanga. Sayansi yake ni nzuri mno, na setilaiti ya Micius ya China, iliyorushwa 2016, iliithibitisha angani. Ila inadai vifaa vyake vya pekee, na bado utahitaji njia nyingine ya kuhakiki nani yuko upande wa pili. Ningekuwa na fedha za ziada ningezipeleka kwenye vihisi vya atomi, vinavyopima mwendo wa meli au ndege hata mawimbi ya GPS yakizibwa.

Wiki yako ya kwanza, andika kila mahali ufunguo unapotumika: seva, ruta, redio, vyeti, nakala rudufu. Weka alama nyekundu kwa vifaa ambavyo ufunguo wake umechomwa ndani ya chipu. Hivyo havisasishwi kwa programu. Vinang'olewa, na maombi ya kununua vingine yaanze sasa.