Kama kila kitu kina sababu, Mwenyezi Mungu aliumbwa na nani?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mwanafunzi mwenzangu aliniuliza: kama kila kitu kina sababu, Mungu naye sababu yake ni nini? Nilikosa la kumjibu, na sasa swali hilo linanijia hata nikiwa kwenye sijda. Nilipomweleza ustadhi wangu alinitoa darsani, akasema nimekufuru. Je, nimetoka katika Uislamu? Na sala zangu nizilipe?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Hapana, mwanangu, hujatoka katika Uislamu, na aliyekuambia umekufuru kakudhulumu. Masahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamwambia kuwa nafsini mwao wanapata mambo wanayoona ni makubwa mno kuyatamka. Akawajibu: "Hiyo ndiyo imani iliyo wazi." Hadithi hii ameipokea Imam Muslim katika mkusanyo wake. Moyo usio na imani haungekosa raha kwa swali hili.

Sasa hoja ya mwenzako. Si mpya, mwanafalsafa wa Uingereza Bertrand Russell aliitoa London mwaka 1927, na watu wanaendelea kuirudia kana kwamba haina jibu. Kosa lake limo katika sentensi ya kwanza. Ni mwanachuoni gani wetu aliyesema kila kilichopo kina sababu? Walichosema ni kwamba kila kilichoanza kuwapo, baada ya kutokuwapo, kina aliyekifanya kiwepo. Asiye na mwanzo haingii humo. Kuuliza nani alimuumba Asiyeumbwa ni maneno yanayojivunja yenyewe.

Akikuambia basi sababu zirudi nyuma bila kikomo, mpeleke kwenye sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi wa habari. Fulani kasema kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, na hakuna hata mmoja aliyemsikia msemaji mwenyewe. Refusha mnyororo huo utakavyo, wapokezi milioni au wasio na idadi: habari hiyo imetoka wapi? Kila mmoja ana alichopewa tu. Vivyo hivyo viumbe: kila kimoja kimepewa kuwapo, na wingi wa wanaopewa hauzai mtoaji. Atakuambia hesabu zina idadi zisizo na mwisho. Ni kweli, lakini tano haikupewa kuwapo na nne.

Wanazuoni wa zamani Ghazali na Ibn Rushd, aliyemjibu kwa kitabu baada ya kufa kwake, walitofautiana vikali kama siku zilizopita zinaweza kukosa mwanzo. Huo ni mlango mwingine, usiuingie sasa. Katika mnyororo wa sababu zinazotegemeana, wote wawili walikubaliana kuwa lazima uishie kwa asiyemtegemea yeyote.

Lakini nakuona, mwanangu, kuwa hoja peke yake haitakutuliza. Wasiwasi haushindwi kwa mjadala, maana ukiujibu leo kesho unarudi na sura nyingine. Mtume (s.a.w.) alitaja swali hilihili, kwamba shetani humwuliza mtu nani kaumba hiki na kile, mpaka aseme nani kamuumba Mola wako; akaamrisha mtu ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na aache. Na katika mkusanyo wa hadithi wa Abu Dawud, sahaba Ibn Abbas alimwelekeza aliyepatwa na hali kama yako asome aya hii: "Yeye ndiye wa Mwanzo na wa Mwisho, na wa Dhahiri na wa Siri, naye ni Mjuzi wa kila kitu." Isome linapokujia, kisha endelea na ulilokuwa nalo. Likikujia kwenye sijda, sema Subhana Rabbiyal A'la na usikate sala. Mijadala na mwenzako iache kwanza mpaka utulie, na darsa tafuta kwa mwalimu anayestahimili maswali.

Sala ulizosali ni sahihi. Usilipe hata moja.