Bendera ya Dakta Rolph: kwa wanaoanza kuandika wasifu

Ndugu mnaoanza kazi hii, msihadaike na wingi wa vyeo. John Rolph, aliyezaliwa Thornbury, Uingereza, mwaka 1793, akafariki Mitchell, Ontario, mwaka 1870, alikuwa wakili, tabibu, mbunge na waziri, na wengi wenu mkishaviorodhesha vyeo hivyo mnajiona mmemaliza. Tafuteni kwanza mahali taaluma moja ilipoachia na nyingine ikashika. Mwaka 1828 Rolph, pamoja na wakili mwenzake Robert Baldwin na babake Baldwin (ambaye naye alisomea tiba na sheria), walitoka mahakamani kwa kuona kwamba kikao kisicho na jaji mkuu hakikuundwa kihalali. Tangu hapo utabibu ndio uliomlisha Rolph.

Penye uzito hasa ni Jumanne, 5 Desemba 1837, Malkia Victoria akiwa hajatimiza miezi sita katika kiti cha enzi. Waasi wa William Lyon Mackenzie, mwanasiasa aliyeinuka dhidi ya serikali ya koloni, walikuwa wamekusanyika kwenye barabara ya Yonge, nje ya Toronto, na Francis Bond Head, gavana wa Kanada ya Juu (Ontario ya leo), aliyekwisha kuwapeleka askari wake Kanada ya Chini (Quebec ya leo), akawatuma Rolph na Baldwin kwao na bendera ya suluhu, asijue kwamba Rolph alikuwa mshirika wa siri wa waasi hao. Waasi walitaka ahadi ya msamaha iwe kwa maandishi. Wajumbe wakarudi mjini, gavana akakataa, nao wakapanda tena kulipeleka jibu. Zilikuwa safari mbili, na ubishi wote umo katika pengo lililo kati yake. Samuel Lount, mmoja wa viongozi wa waasi, alieleza kwamba Rolph alimkonyeza, akamvuta kando na kumwambia asiujali ujumbe. Kama ni safari ya kwanza, Rolph aliisaliti bendera aliyoibeba. Kama ni ya pili, suluhu ilikuwa imekwisha, na hivyo ndivyo watetezi wake walivyoshikilia.

Nilipokuwa mwanafunzi niliandika neno "msaliti" bila kuhesabu safari hizo, na insha ilirudishwa ikiwa na alama moja tu ya wino mwekundu: "Saa ngapi?" Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika aya yoyote, huchora jedwali la safu tatu: saa ya tukio, jina la shahidi, na hali aliyokuwa nayo aliposema. Safu ya tatu ndiyo wageni huiruka. Lount alisema akiwa mfungwa, akanyongwa Aprili 1838. Mackenzie alisimulia baada ya kushindwa, akiwa na haja kubwa ya kumpata wa kulaumiwa.

Rolph mwenyewe alikimbilia Marekani, akarejea mwaka 1843 na kuanzisha shule ya utabibu Toronto, kisha mwaka 1851 akaingia serikali ya Kanada iliyoongozwa na Francis Hincks. Miaka hiyo nayo ichorewe jedwali lake, kwa kuwa waliomsifu kama mwalimu na waliomkumbuka kama mjumbe hawakuwa watu walewale.