Jibu: Riwaya ya Orïsha na binti wa miaka 14

Dada, umeuliza mawili: kama Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi inamfaa binti yako wa miaka 14, na kama miungu iliyomo ni ya Wayoruba (watu wa kusini-magharibi mwa Nigeria) kweli au ya kubuni tu. Nakujibu kama mtu aliyekisoma akiwa Ilorin, Nigeria, nilikokaa miaka miwili kwa masomo ya uzamili.

Ilorin ndiyo iliyonivunja mbavu. Riwayani ni kijiji cha wavuvi kinachoelea baharini. Ilorin niliyoishi mimi ni mji mkuu wa Jimbo la Kwara, una emir wake, yaani mtawala wa jadi wa Kiislamu, na misikiti kila mtaa, na ukitaka kuiona bahari ujiandae kwa safari ndefu ya kwenda Lagos. Nilipomsimulia mama mwenye nyumba wangu alicheka mpaka akaweka chini pilipili alizokuwa anachambua, akauliza samaki wenyewe tunawavua kwenye bomba gani. Ibadan, Sokoto, Zaria nazo zimo, ila zimebadilishwa sura. Adeyemi ni Mmarekani mwenye wazazi Wanigeria, na alichofanya ni kuchukua majina ya ramani ya kwao akajengea nchi nyingine kabisa, Orïsha. Ukilijua hilo mapema hupati shida.

Miungu sasa. Majina ni ya kweli: Oya, Ogun, Shango, Yemoja. Zélie, msichana mwenye nywele nyeupe anayebeba hadithi, ni wa ukoo wa Oya na kipaji chake ni kuita roho za wafu. Hilo lina mzizi, maana kwa Wayoruba Oya ndiye mlinzi wa mlango wa makaburini. Lakini ni huyo huyo mwenye upepo na dhoruba, mke wa Shango mwenye radi. Mara ya kwanza navuka daraja la Jebba kwenda kaskazini, mzee aliyekaa pembeni yangu kwenye basi alinigusa bega, akanyoosha kidole kwenye mto Niger na kusema, "Odo Oya." Mto wa Oya. Hakuongeza neno, akarudi kusinzia. Huyo Oya mwenye mto mzima sikumkuta kitabuni. Kule koo ni kumi, kila moja na mungu wake na nguvu yake, utadhani idara za halmashauri. Kwa hadithi ya vita mpangilio huo unasaidia, msomaji hapotei. Ila binti akidhani ameijua dini ya Wayoruba, atakuwa amejua majina.

Kitu kilichonigusa zaidi ni lugha. Maneno ya kuita nguvu yameandikwa kwa Kiyoruba, na alama zake za toni (za kupandisha au kushusha sauti) juu na nukta chini. Sisi wa Kiswahili tunaziona kama mapambo, kumbe ndizo maana yenyewe: ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha usafiri. Niliwahi kumuuliza mwenye duka kuhusu mume wake, kumbe nimeuliza jembe. Kwenda dukani wiki ile ilikuwa kazi.

Kuhusu umri, hapa usipuuze. Kitabu kilitoka 2018 kwa ajili ya vijana, lakini kina damu. Mama yake Zélie aliuawa na askari wa mfalme Saran, na mbele huko Zélie mwenyewe anateswa, anachongwa neno la tusi mgongoni kwa kisu. Mwandishi ameeleza mwishoni kwamba aliandika akiwa na uchungu wa Wamarekani weusi wasio na silaha wanaopigwa risasi na polisi, na inaonekana. Mimi ningempa wa miaka 14, ila ningesoma naye sehemu hiyo. Wa miaka 11 ningemwambia asubiri.

Wanaosema humu kwamba kinafundisha uchawi, sikuona. Niliona mapenzi ya haraka mno kati ya Zélie na mwana wa mfalme. Watu wanawindana sura hii, sura mbili mbele wanaotana.

Akikipenda, viko viwili vya kuendeleza, cha 2019 na cha 2024. Cha 2019 nilikiacha katikati. Hiki cha kwanza, Children of Blood and Bone, nimekisoma mara mbili, na ningekuazima nakala yangu, ila yule mama mwenye nyumba alibaki nayo.