Mwanao kapangiwa JKT Maramba? Mwache aende

Dada wa Chumbageni, umeuliza umzuie binti aliyemaliza form six asiende kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Maramba mana shemeji yako anasema serikali inachoma hela bure. Mi naona mwache aende.

Hoja ya shemeji si ya leo. JKT imeanza 1963, na 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuipinga, Nyerere akawafukuza na mshahara wake mwenyewe akaupunguza, afu 1994 mafunzo ya lazima yakasitishwa mpaka 2013 ndo form six wakaanza kuitwa tena. Na ni kodi yetu kweli, ana haki ya kuuliza inafanya nini.

Ila asichanganye mambo. Vijana wanaojiunga JKT kwa kujitolea ndo wanakaa miaka miwili wakisubiri ajira wakati JKT wenyewe wanatangaza kabisa kwamba hawatoi ajira, na kijana akirudi Handeni mikono mitupu hapo hata mi roho inaniuma sana, hilo serikali ilitazame. Wa kwako ni mujibu wa sheria, yani wale form six wanaoitwa kwa lazima, miezi mitatu tu afu chuo, atakimbia mchakamchaka alfajiri, atashika jembe, atalala hanga moja, yani bweni la kambini, na wenzake wa Kigoma na Mtwara ambao hapa Tanga asingewajua kamwe.

Bukta ya bluu, raba na shuka nunua mapema, sweta pia, vyeti vyake asisahau na nauli ya kurudi awe nayo. Kama ana pumu au tatizo lolote abebe karatasi za hospitali aseme siku ileile anaripoti, asione aibu.